Swichi Kubwa ya Barazani

Jina lake silitaji. Msidhani nimelisahau, nalijua vizuri, liko kwenye vyeti vya kuzaliwa vya wanangu wote. Lakini mimi nimeolewa kwa Wasukuma, na mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe kaburini. Kwetu Ngara nako tulikuwa na adabu hizo, ila si kwa ukali ule. Nilipofika Nyamahanga nikiwa bibi harusi, mama mkwe alinikalisha kwenye mkeka akanisomea sheria kama mwalimu wa zamu. Baba mkwe humpi mkono. Huli naye chombo kimoja. Humkodolei macho. Ukikutana naye njiani unapisha, unapiga magoti, unamwamkia ukiangalia chini. Nyumba yako haingii, na kibanda chake huingii. Nikauliza, sasa mama, nikitaka kumwambia jambo? Akacheka mpaka akajifuta macho. "Utamwambia mtu amwambie."

Na kama hakuna mtu? Hapo ndipo alipoingia mbwa.

Baba mkwe alikuwa na mbwa wa kahawia aliyeitwa Simba, mvivu wa kutupwa, mlinzi wa kivuli chake mwenyewe. Akitaka kuniambia neno na hapana mtu uani, alikohoa kwanza kile kikohozi chake kikavu cha kunionya kwamba anakuja, akasimama mbali, akamtazama mbwa. "Simba, mwambie mama wa watoto, ile pasi waya wake umechubuka shingoni. Asiichomeke." Nami nimeinamia sufuria yangu najibu, "Simba, mwambie baba nimesikia." Mbwa anatazama huku, anatazama kule, maskini, hajui ana kesi gani. Simba wa kwanza alipokufa akaletwa mwingine, naye akaitwa Simba, kazi ikaendelea. Ukiondoa shikamoo na marahaba, mimi na mzee yule tumezungumza miaka yote ile kupitia mbwa, na karibu mazungumzo yote yalikuwa ya umeme.

Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wenyewe. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, mrefu, mkavu, koti lake la mvua la kijivu halimtoki mwilini kiangazi wala masika, fimbo mkononi. Alikuwa mtu wa ng'ombe aliyehama na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, na kila kitu duniani alikipima kwa ng'ombe. Mwanamke mchapakazi alikuwa jike la maziwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ndama aliyezaliwa mwezi mbaya. Na umeme ulipofika kwetu, nguzo zikasimamishwa kando ya barabara ya vumbi na watu wakapiga vigelegele, yeye alisimama akaziangalia, akasema, "Wameleta dume. Kuna aliyeuliza tabia yake?"

Mimi nilikuwa na njaa ya umeme, nasema kweli. Utotoni kwetu, ng'ambo ya kilima, ilikuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole, na pale penye ofisi za kambi injini ilinguruma na taa zikawaka nyeupe pee. Sisi tulikuwa na koroboi, tunasoma pua zimejaa masizi. Nilikaa nje nikizitazama zile taa za watu nikajiapiza kwamba siku moja nitawasha ukuta kwa kidole. Kwa hiyo mzee aliposema dume, nilijisemea moyoni, huyu naye ataniletea nuksi.

Fundi alitoka Biharamulo mjini, kijana mcheshi, kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa ameshaweka alama ukutani ndani ya nyumba yetu, koridoni, mkabala na mlango wa chumba chetu cha kulala, pale ndipo swichi kubwa ingekaa, ile ya kuzimia nyumba nzima. Mara nikasikia kikohozi nje.

"Simba, muulize fundi hilo sanduku analiweka wapi."

Fundi akatoka akicheka. "Mzee, sema na mimi tu. Mimi si mkweo."

"Unaliweka wapi?"

"Koridoni. Mvua haifiki, watoto hawafiki. Salama kabisa."

"Na mimi sifiki."

"Wewe mzee unataka kufika ukafanye nini?"

"Siku dume likiwakamata humo ndani, nani atalifungia?"

"Mwanao si yupo?"

"Mwanangu anashinda minadani. Anayeshinda hapa ni mimi. Na humo siingii, ni kwa mkwe wangu. Niwekee barazani, ukuta wa nje."

Walibishana pale mpaka chai yangu ikapoa. Fundi analalamika mvua, mzee anasema nitaijengea. Fundi anataja watoto, mzee anasema weka juu. Mume wangu, ambaye mbele ya baba yake hana mifupa, akasema basi fundi, weka barazani tuishie hapo. Mzee akachonga kasha la mbao kwa mkono wake, akaliezeka kipande cha bati kama banda dogo la kuku, na mlango wake akaufunga kwa kitanzi cha ngozi. Kufuli alilikataa. Alisema hajawahi kuona mtu anayekufa akingojewa mpaka ufunguo upatikane. Kijiji kizima kilicheka. Wanawake kisimani wakaipa jina, swichi ya mkwe. Mimi nilicheka nao, ingawa pale barazani nilikuwa nimepanga kuweka maua yangu.

Chini ya kasha lile aliweka ubao mkavu wa kukanyaga na jozi ya katambuga zake, viatu vya tairi. Fundi akamwambia mzee, tairi lina nyaya ndani, hizo zitakuchoma wewe wa kwanza. Alinuna siku hiyo nzima, hakula michembe yake ya viazi vikavu. Kesho yake nikakuta katambuga zimeondoka, kuna ndala mpya za mpira mtupu. Ndivyo alivyokuwa, alibisha kwa mdomo na kukubali kwa miguu.

Baraza lile likawa makao yake. Tulipata televisheni, na kwa kuwa hakuweza kuingia sebuleni kwangu, tuliigeuza ikatazama dirisha. Yeye anakaa nje kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta wa swichi, shingo imepindia dirishani, anaangalia mpira na kuwatukana makipa kwa Kisukuma. Mvua ikinyesha anavuta koti mpaka masikioni, hasogei. Wingu likianza kufanya weusi upande wa Nemba, hata iwe penalti, utasikia, "Simba, waambie wachomoe." Si kuzima, kuchomoa, waya wa televisheni na waya wa kila kitu. Wanangu walilia machozi ya kweli. Alichokuwa akikiona mawinguni mimi sikukiona, lakini radi ilikuja mara nyingi kuliko nilivyotaka kukiri.

Sasa sikieni vituko vyake. Mzee huyo huyo wa kuchomoa alikuwa na dawa ya radi, kifurushi cha ngozi kilicholetwa kutoka kwao, amekichomeka kwenye paa la kibanda chake. Mimi ni mtu wa kanisa, sikupenda. Nikamtuma mwanangu mkubwa amuulize babu, kama dawa inafanya kazi, kuchomoa kwa nini? Na kama kuchomoa kunafanya kazi, dawa ya nini? Mtoto akarudi na jibu. "Babu amesema dawa ni ya radi ya watu. Kuchomoa ni kwa radi ya Mungu." Nenda kabishane na mtu wa namna hiyo.

Na kingine. Yeye aliyetusimamia taa zote kama mnyapara, kibandani kwake umeme hakuutaka. Alilala na koroboi! Koroboi ya mafuta ya taa, kwenye kibanda cha nyasi! Mume wangu alimwambia baba, utaungua humo. Akajibu kwamba moto anaujua tangu mtoto, na moto nao unamjua. Aliwadanganya watu wote idadi ya ng'ombe wake, hata mwanawe, lakini soketi za nyumba yetu alizijua zote, na kinachokaa kwenye kila moja, ingawa hajawahi kukanyaga ndani. Aliwahoji watoto. "Jagi la maji ya moto liko wapi? Limechomekwa pamoja na nini? Na friji? Aa, ng'ombe wengi kamba moja. Nenda kamwambie mama yako atoe mmoja."

Pua yake nayo ilikuwa shida. Alinusa plastiki inayopata moto kama vile fisi anavyonusa mzoga. Jioni moja alisimama nje ya dirisha la jirani yetu, fundi cherehani, akang'ang'ania kwamba kuna kitu kinaungua. Jirani akasema ni maharage. Mzee akasema maharage hayanuki hivyo labda kama yamevaa raba. Kuja kutazama, ekstensheni iliyopitishwa chini ya zulia imekuwa laini kama uji na zulia limeanza kufanya duara la kahawia.

Lakini kile ambacho kijiji hakikumsamehe haraka ni cha msibani. Alifariki mzee mmoja Mkristo, watu wengi, turubai limefungwa, kwaya imekuja na kinanda na spika. Umeme walikuwa wameuvuta kutoka nyumba ya tatu kwa nyaya zilizoungwa ungwa, na maungio wameyaviringisha mifuko ya nailoni. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na ungio moja limelala kwenye dimbwi, hapo hapo akina mama wanapopita na ndoo. Kwaya iko katikati ya wimbo, watu wanalia, kinanda kikafa. Spika zikafa. Tukageuka. Mzee amesimama kule nyumba ya tatu, ncha ya waya mkononi, koti la mvua mwilini. Mwenyekiti akamfuata akifoka, mzee una wazimu, unavunja msiba wa watu! Naye akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Leo tunazika mmoja. Mmoja anatosha." Hakuurudisha waya mpaka walipouinua ukapita juu ya miti. Jamani, nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na mjane wa marehemu. Lakini nilimwona yule mama akizitazama zile ndoo na lile dimbwi, akanyamaza kulia kwa muda.

Haya yote nimeyasema mumjue. Sasa niseme la mkono wangu.

Jikoni kwetu ni nyumba ya nje, na mama mkwe aliomba taa. Mume wangu akavuta waya kutoka nyumba kubwa kwenda jikoni, juu kwa juu, akaushikiza kwenye nguzo ya mti iliyosimama katikati ya ua. Kwenye nguzo hiyo hiyo ulikuwa umefungwa waya wangu wa kuanikia nguo, ule wa chuma. Mzee aliutazama siku ya kwanza akamwambia Simba kwamba madume mawili yamefungwa mti mmoja. Mume wangu akasema ataurekebisha akirudi mnadani. Mnajua wanaume na kurekebisha. Ikaja kiangazi na upepo wake, nyaya zikasuguana mchana na usiku, na hakuna aliyeona.

Asubuhi moja nilikuwa nimefua mablanketi. Miguu peku, ardhi yote imelowa, kanga imelowa mpaka kiunoni. Nikainua blanketi, nikaushika waya ili nilivute.

Watu hudhani mtu akipigwa na umeme hupiga kelele. Mimi sauti ilikwama. Mkono ulijifunga wenyewe kwenye waya, na mwili wote ukawa unatetemeka kama gari bovu, lakini macho yalikuwa yanaona. Niliona Simba amesimama. Nilimwona mzee, amekaa karibu na zizi anasokota kamba, akainua kichwa, tukatazamana uso kwa uso. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtazama machoni. Nikasema moyoni, anakuja.

Hakuja. Alitupa kamba akakimbia kunikimbia mimi. Akaenda upande mwingine kabisa, koti linapepea. Mama mkwe akatoka jikoni akipiga yowe, mikono mbele, anakuja kunishika. Mzee akampitia, akamtandika fimbo ya mkono, paa! "Rudi!" Mama wa watu akaanguka kwa makalio. Pale kwenye uzio wanawake wa kisimani walikuwa wamesimama na ndoo zao vichwani, wanaona kila kitu. Mzee akapanda baraza, akavuta kitanzi cha ngozi, akazima.

Waya ukaniachia. Nikaanguka mchangani, kanga ikabaki kule. Na yeye alipogeuka akaona nimelala vile, akageukia ukuta. Akasimama amepachika paji la uso kwenye ukuta wa baraza, na kutoka pale akapiga kelele, "Mfunikeni! Mlazeni ubavu! Mwiteni mwenye pikipiki!" Kwa hiyo walichokwenda nacho wale wanawake kisimani kilikuwa hiki: mkwe anakufa, mzee amemkimbia, amempiga mkewe aliyetaka kumwokoa, halafu amempa marehemu mtarajiwa mgongo. Kwa ajili ya mila! Kwa kuogopa kumgusa mkwe!

Habari ilifika Ngara kabla ya kidonda cha kiganja changu kubadilishwa bandeji. Kaka yangu mkubwa akaja. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba yetu, mtu wa maneno machache na hasira nyingi. Hakukaa hata kunywa maji. "Funga vitu vyako. Sikukuoza kwenye nyumba ambayo mkwe anakuacha ukauke kwenye waya." Nikamwambia, na watoto? Akasema watoto wana kwao. Watoto wa Wasukuma ni wa baba yao, ningetoka pale na mkono uliofungwa na begi, basi.

Tukakalishwa uani, kaka na mume wangu kwenye benchi, mimi na mama mkwe mkekani, mzee mbali kule kwenye kigoda, anachora mchanga kwa fimbo. Kaka akasema yote aliyoyasikia. Mume wangu akajiumauma. Sikuvumilia.

"Kaka, ungekuwepo wewe, ungefanya nini?"

"Ningekuvuta!"

"Basi wangetuzika wawili, na wewe ungelala juu yangu."

Mama mkwe akapandisha mkono wa gauni, akaonyesha alama ya fimbo, nyeusi kama bilinganya. "Tazama, mwanangu. Asingenipiga hii, na mimi ningekuwa kwenye waya. Nimelia kwa maumivu, lakini nimelia nikiwa hai."

Kaka hakuwa ametosheka. Akamgeukia mzee. "Mzee, shikamoo. Sema wewe mwenyewe. Ulikuwa unakwenda kuzima, au uliogopa kumgusa mkweo?"

Nilimwona akimtafuta mbwa kwa macho. Simba alikuwa amelala nyuma ya jiko, kama kawaida yake siku za kazi. Mzee akakohoa.

"Vyote viwili," akasema.

Mume wangu akashika kichwa. Nami nikajua sasa naondoka.

"Naogopa kumgusa," mzee akaendelea. "Tangu alipoingia hapa naogopa. Ndiyo maana niliomba swichi ikae pale. Ningekuwa siogopi, wangeiweka ndani, nami ningemrukia kama mama yao alivyotaka kumrukia." Akaelekeza fimbo barazani. "Nenda kaangalie."

Kaka akainuka. Akaenda mpaka kwenye lile kasha la kuku, akafungua kitanzi, akafunga, akafungua tena. Akaitazama ndala, akautazama ubao. Akapima kwa macho kutoka pale mpaka kwenye nguzo. Aliporudi aliomba maji ya kunywa, na nikajua sitaondoka. Mwaka uliofuata nilikwenda kumsalimia Ngara, nikakuta swichi kubwa imehamia barazani na ameijengea paa. Nilicheka tu, naye akaniambia funga mdomo.

Waya wa jikoni ulishushwa ukazikwa kwenye bomba, na waya wangu wa nguo mzee aliukata vipande akautupa kwenye choo kilichojaa. Hadi leo naanika kwenye kamba ya katani. Kisimani hadithi haikufa, maana hadithi ya mzee mwoga ni tamu kuliko ya mzee aliyezima swichi. Yeye hakuijibu. Iliniuma mimi. Nilitaka nimwambie asante, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, anisikie. Nilipopona nilimwambia Simba, "Mwambie baba asante." Akafikiri, akamwambia Simba, "Mwambie amefanya vizuri kupona." Ikaishia hapo. Lakini asante ya kupitia kwa mbwa haishibishi, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo ilivyonikaa kooni. Kila jioni alipita nje akikohoa, "Simba, waulize kama wamezima," nami nikajibu, "Mwambie baba tumezima," na asante yangu ikalala nayo ndani.

Mama mkwe akatutoka. Macho ya mzee yakaanza kufifia, akawa anaimwagia koroboi mafuta nje ya kikopo, mpaka mume wangu akasema inatosha. Kibanda cha nyasi kikawa cha bati, ukavutwa waya chini kwa chini kutoka nyumba kubwa. Alikubali taa moja na soketi moja ya redio. Jagi la maji ya moto aliletewa na mjukuu kutoka Mwanza, akalikataa, halafu akalizoea. Simba wa mwisho alipokufa hakutaka mwingine. Alisema atamwachia nani. Basi tukawa hatuna mtu wa kupitishia maneno, akawa anakohoa tu, nami najibu kikohozi.

Siku moja mchana nilimpelekea uji. Nikaweka bakuli kizingitini kama siku zote, nikapiga magoti, shikamoo baba. Kimya. Ndani redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Nikaita tena, nikainua macho, kitu ambacho si adabu. Alikuwa sakafuni. Jagi limepinduka, maji yametapakaa, waya wake bado uko ukutani, na mkono wa mzee umelala ndani ya maji yale.

Miguu yangu haikuniuliza. Ilinigeuza ikakimbia, ikamkimbia yeye, uani kote mpaka nyumba kubwa. Jirani mmoja alikuwa anapita kwenye uzio na ndoo yake, mmoja wa wale wale. "Weee! Mkweo ameanguka unamkimbia?" Nikapanda baraza, nikatia miguu kwenye ndala, nikavuta kitanzi cha ngozi, nikazima. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameshusha ndoo chini, ananitazama mimi, anatazama kasha, mkono mdomoni.

Nikarudi mbio nikasimama mlangoni. Mle ndani sikuwahi kukanyaga. Mzee macho yalikuwa wazi, anaitazama taa iliyokufa.

"Umezima?"

Hakukohoa. Hapakuwa na mbwa. Aliniuliza mimi.

"Nimezima, baba."

"Una hakika?"

"Redio imenyamaza."

Akasikiliza. Kweli, kulikuwa kimya. Akautoa mkono kwenye maji taratibu, akaunyoosha upande wangu.

"Basi nishike."

Nikavuka kizingiti. Nikapiga magoti kwenye maji, nikaushika mkono wa baba mkwe wangu, mkavu, mwepesi, na sugu ya fimbo bado ipo pale pale. Umeme haukuwa umemgusa, alikuwa ameteleza tu, akaumia nyonga, na hiyo nyonga ndiyo iliyomlaza mpaka tukamzika nyuma ya zizi msimu uliofuata. Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Nilimwegemeza begani kwangu, nikaanza kulia kama mtoto.

"Asante, baba."

"Asante ya nini? Aliyeanguka ni mimi."

"Ya ule waya."

Nikadhani hakusikia. Halafu akanibana vidole kidogo, kile kiganja changu chenye kovu, akakipapasa kwa dole gumba kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Haya. Chomoa kwanza jagi, ufute maji," akasema. "Halafu ukawashe. Habari zilikuwa hazijaisha."

Nikachomoa, nikafuta, nikaenda kuwasha. Lakini kwanza nilikaa naye pale sakafuni, nimeushika mkono wake, mpaka uji ukapoa.